Duru-Haitemba: vijiji vinane vilivyouchukua msitu wao

Wilayani Babati, mkoani Manyara, ipo safu ya vilima iliyovikwa miombo inayojulikana kama Duru-Haitemba. Msitu wenyewe si mkubwa, ni kama hekta 9,000 hivi. Umezungukwa na vijiji vya Duru, Riroda, Gidas, Ayasanda, Endanachan, Hoshan, Bubu na Endagwe. Wakazi wengi ni Wagorowa waliochanganyika na Wairaqw na makabila mengine, watu wa jembe na wa mifugo kwa pamoja. Kuni zao, dawa zao, mizinga yao, malisho ya kiangazi na maji ya chemchemi vinatoka humo.

Kisa ninachokichambua kilitokea hapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi mwaka 1995, wakati Babati ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Arusha. Nimekuwa mtendaji wa kijiji kwa miaka kadhaa, mbali na huko, na kila nilipokwama kazini nilikirudia kisa hiki. Sijapata kingine kinachoonyesha wazi hivi kile ambacho mkutano mkuu wa kijiji unaweza kufanya ukiachiwa uamuzi wa kweli.

Mpaka unapowekwa na wengine

Mwishoni mwa miaka ya 1980 msitu ulikuwa unaliwa pande zote. Watu walipanda vilimani kufyeka mashamba mapya. Wachoma mkaa waliingia, wapasua mbao waliteua miti mikubwa, na wengine walibandua magome kuizunguka miti mpaka ikafia imesimama. Idara ya misitu iliona dawa ni ile iliyozoeleka tangu ukoloni: msitu utangazwe kuwa hifadhi ya Serikali, upimwe, uwekewe mipaka, na wananchi wazuiwe kuingia. Sheria ya misitu iliyotumika wakati huo ilikuwa ya mwaka 1957, na machoni pake mwanakijiji alikuwa hasa mwombaji wa kibali, au mhalifu.

Nia ilikuwa njema, sina shaka. Lakini angalia kilichofuata. Kazi ya kuweka mipaka ilipoanza, vijiji vilipinga. Vikao vikawa vikali, na wataalamu wakaonekana ni watu waliokuja kuchukua. Uharibifu nao ukazidi. Waliokuwa wakijizuia waliona hakuna sababu ya kuendelea kujizuia, maana msitu ulikuwa njiani kwenda kwa mwenye mali mwingine. Aliyetaka shamba aliwahi kulima kabla hajafungiwa, na aliyetaka nguzo aliwahi kukata.

Nimewahi kusikia maofisa wakilieleza tukio la namna hii kuwa ni ukaidi wa wananchi. Mimi naona ni hesabu ya kawaida kabisa. Mzazi akijua kwamba mwakani hataruhusiwa kukata nguzo za nyumba ya mwanawe, atazikata mwaka huu, hata kama nyumba bado haijafikiriwa. Wewe na mimi tungefanya hivyo hivyo. Na wa kumzuia hakuwapo, kwa sababu walinzi wa kuajiriwa walikuwa wachache mno kwa vilima vile.

Vijiji vilipotakiwa vieleze vinahitaji nini kutoka msituni, vilitoa orodha ndefu: malisho, mashamba, mbao, mkaa, kuni, nguzo. Kila kitu kilitajwa kuwa cha lazima, hakuna kinachoweza kuachwa. Iweke akilini orodha hiyo.

Swali lilipogeuzwa

Mwaka 1994 upepo ulibadilika. Maofisa misitu wa wilaya na mkoa, wakisaidiana na mshauri kutoka mpango wa misitu uliofadhiliwa na Sweden, walikubali kwamba njia ya kwanza imegonga mwamba. Walirudi vijijini na swali jingine. Mwanzo wananchi waliulizwa: mnataka mbakishiwe nini? Sasa waliulizwa: mkiachiwa msitu huu muusimamie wenyewe, mtaufanya nini?

Vijiji vilikaa. Vilijadili katika halmashauri zao na katika mikutano mikuu, vikaunda kamati za misitu, vikachagua walinzi, vikaandika kanuni. Na kanuni zilizotoka zilipiga marufuku mambo yale yale yaliyokuwa kwenye orodha ya lazima. Kuchoma mkaa msituni, marufuku. Kufyeka mashamba mapya, marufuku. Kubandua magome ya kuua mti, marufuku. Kukata miti mibichi kukawekewa kibali. Kuni za miti iliyokauka, dawa, uyoga na asali vikabaki huru kwa wanakijiji, na mifugo ikapangiwa mahali na majira. Kwa baadhi ya mambo wanavijiji walijibana kuliko walivyotarajia wataalamu wenyewe.

Nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza nilisimama hapo. Watu ni wale wale, umaskini ni ule ule, haukupita hata mwaka mmoja wa shule wala semina ya kuwabadilisha fikra. Orodha ya kwanza ilikuwa madai ya watu wanaonyang'anywa, na anayenyang'anywa hudai kila kitu, maana hajui ataachiwa nini. Orodha ya pili ilikuwa mipango ya wenye mali. Mwenye mali huona kwamba mkaa anaochoma jirani yake ni kivuli cha chemchemi yake mwenyewe.

Nasisitiza hili kwa sababu sisi tunaofanya kazi kwenye serikali za mitaa tumelizoea neno "kushirikishwa" mpaka limepoteza uzito. Mwananchi huitwa kwenye kikao, husomewa mpango uliokwisha kuamuliwa, hutia saini karatasi ya mahudhurio, hunywa soda, akipata bahati hupewa posho, na taarifa huandikwa kwamba jamii imeshirikishwa. Duru-Haitemba ilikuwa na ushirikishwaji wa aina hiyo katika awamu ya kwanza. Vikao vilifanyika na watu walisikilizwa. Kilichokosekana ni uamuzi wenyewe kuwa mikononi mwao.

Njia ya sheria ndogo

Kulikuwa na kikwazo kizito. Sheria ya misitu ya 1957 haikuwa na mahali pa kuweka msitu wa kijiji. Palikuwa na msitu wa Serikali Kuu na msitu wa mamlaka ya wilaya; kijiji hakikuwamo. Kusubiri sheria mpya kungechukua miaka, na kweli ilichukua: sera mpya ya misitu ilitoka mwaka 1998 na sheria yenyewe mwaka 2002. Miombo isingesubiri.

Ufumbuzi ulipatikana katika sheria ambayo haikuwa ya misitu hata kidogo, nayo ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982. Hii ndiyo iliyorudisha halmashauri za wilaya baada ya kufutwa mwaka 1972, na ndani yake kijiji kilichoandikishwa ni mamlaka kamili. Kina mkutano mkuu, ambao wajumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Kina halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25. Na halmashauri hiyo ina uwezo wa kutunga sheria ndogo.

Utaratibu wake mtendaji yeyote anaujua, ila mara nyingi hautumiki. Halmashauri ya kijiji huandaa rasimu. Rasimu hupelekwa kwenye mkutano mkuu, wananchi huijadili na kutoa maoni. Hupitishwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kwa ushauri, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Ikishaidhinishwa inakuwa sheria kama sheria nyingine ndani ya mipaka ya kijiji. Inamfunga mwanakijiji, inamfunga mgeni, na mahakama inaitambua. Vijiji vya Duru-Haitemba vilipita njia hiyo, na kufikia mwaka 1995 sheria ndogo zao zilikuwa zimepata idhini ya wilaya. Mpango wa kuufanya msitu kuwa hifadhi ya Serikali uliwekwa kando.

Kabla ya hapo ilibidi vijiji vikubaliane vyenyewe kwa vyenyewe. Kila kijiji kilichukua sehemu ya msitu inayopakana nacho, na mpaka kati ya kijiji na kijiji ukatembelewa na watu wa pande zote mbili. Kazi ya mpaka ni ngumu. Wazee hubishana juu ya mti uliokatwa zamani, juu ya jiwe, juu ya nani alilisha wapi kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, Serikali ilipohamishia watu vijijini. Lakini mpaka uliobishaniwa na wazee mchana kutwa huwa hausogezwi usiku.

Si ajabu haya yalitokea mkoani Arusha na si kwingine. Kote huko masuala ya ardhi yalikuwa moto. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wa kijiji cha Kambi ya Simba, kilichokuwa wilaya ya Mbulu wakati huo. Walikuwa wamepokonywa ardhi wakati wa kuhamishia watu vijijini na wakaidai. Mahakama ilisema haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali, na inalindwa na Katiba. Sidai kwamba shauri lile lilifungua njia ya Duru-Haitemba, kwa sababu vijiji vilikuwa vimekwisha kuanza. Lakini watu wa pande hizo walikuwa wanaishi katikati ya swali moja: je, mwanakijiji ni mwenye ardhi au ni mpangaji wa Serikali?

Ninachojifunza mimi kama mtendaji ni kwamba madaraka yaliyotumika yalikuwa kwenye vitabu tangu 1982. Miaka 12 yalikaa. Hakukuwa na haja ya kibali cha Rais wala marekebisho ya Katiba. Katiba yenyewe, katika ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Palihitajika ofisa mmoja au wawili wakubali kulegeza mkono, na vijiji viwe tayari kuushika ule mzigo.

Walinzi, faini na vitabu

Walinzi walichaguliwa na wanakijiji kutoka miongoni mwao. Hawakulipwa mshahara. Walisamehewa kazi za maendeleo za kijiji, zile za kuchimba msingi wa darasa na kulima barabara, na walipata sehemu ya faini za wale waliowakamata. Walijua njia zote za msituni, walijua shoka la nani linalia wapi. Ofisa misitu wa wilaya akabaki mshauri: huja akiitwa, hueleza miti gani inaweza kuvunwa, hurudi zake.

Hali ya msitu ilianza kubadilika mapema. Wanavijiji walieleza machipukizi kurudi, nyuki kurudi, na uvamizi wa mashamba kukoma sehemu nyingi. Jirani zao wakaiga. Huko Singida msitu wa Mgori, wa hekta kama 40,000, ulikabidhiwa vijiji vitano vinavyouzunguka. Wilayani Kiteto ukafuata Suledo, jina lililoungwa kutoka Sunya, Lengatei na Dongo, msitu ulio mkubwa mara nyingi kuuzidi ule wa Babati. Ilipofika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, na Sheria ya Misitu, Namba 14 ya 2002, msitu wa hifadhi wa kijiji ukapata mahali pake rasmi, na leo misitu iliyo chini ya vijiji Tanzania imezidi hekta milioni 2. Sheria ilifuata nyayo ambazo miguu ilikuwa imekwisha kuziacha Babati.

Yasiyokaa sawa

Sitaki kukipamba kisa hiki. Marufuku ya mkaa ina mtu anayeilipia, na mara nyingi ni yule asiye na ng'ombe wala shamba la kutosha, ambaye gunia la mkaa ndilo lilikuwa ada ya shule. Mwenye ng'ombe arobaini anafaidi malisho yaliyotunzwa. Mjane mwenye kuku watatu anafaidi nini zaidi ya kuni kavu alizokuwa akiokota tangu awali? Mkutano mkuu hauondoi tofauti hiyo kwa sababu tu kila mtu ana haki ya kunyoosha mkono. Wenye mifugo huongea zaidi, wanaume huongea zaidi, na mama aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni huondoka kabla ya kura kwa sababu jua linazama na hajapika. Ningependa kila kamati ya misitu ijiulize kabla ya kupitisha katazo: nani atalala njaa wiki ya kwanza?

Kuna pia vijiji visivyopakana na msitu lakini vilivyozoea kuutumia. Vilijikuta nje ya uzio ambao havikuujadili.

Na kuna jambo la tatu, ambalo mimi nimeliona kwa macho yangu, si Babati. Nilipohamishiwa kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, nilikuta kila kitu kipo kwenye karatasi: msitu wa kijiji, sheria ndogo zenye mhuri wa wilaya, kamati ya misitu. Nikaomba kaunta buku ya mihtasari. Kisheria mkutano mkuu hukaa angalau kila miezi mitatu, na hapo husomwa mapato na matumizi. Kitabu kilionyesha mikutano minne kwa mwaka, safi kabisa. Nikatazama ukurasa wa mahudhurio. Majina themanini na kitu yalikuwa yameandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, na "S" zote zikiwa na mkia wa namna moja. Mjumbe wa kitongoji aliyekaa nami akaweka kidole kwenye jina la mama mmoja akasema, "Huyu tulimzika kabla ya masika."

Mikutano haikuwa imefanyika kwa zaidi ya mwaka. Faini zilitozwa lakini hazikusomwa popote. Walinzi hawakuwa wamepewa sehemu yao, wakaacha kwenda doria, bila mgomo wala makelele. Kila mmoja alirudi shambani kwake. Nilipanda msituni na mwenyekiti wa kamati nikahesabu matanuri saba ya mkaa, mawili yakiwa bado yanafuka moshi. Sheria ndogo ilikuwa ile ile. Hakuna aliyeifuta.

Tuliitisha mkutano. Mbiu ilipigwa vitongoji vyote siku mbili, na watu wakaja kuliko nilivyotazamia, wakakaa chini ya mkuyu nje ya ghala la zamani la ushirika. Nilikuwa nimeandaa ajenda sita. Hatukuvuka ya pili. Mzee mmoja alisimama, akaegemea fimbo yake, akasubiri kimya. Nikamwamkia shikamoo mzee wangu, akaitikia marahaba.

"Mtendaji, mwanangu," akasema, "wewe ni mgeni na ugomvi huu si wako. Lakini wale ng'ombe tisa walioshikwa mwezi wa nane, faini yao ilikwenda wapi? Anza hapo. Hayo mengine yatatukuta."

Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga makofi. Wenyeviti wa vitongoji walitazama chini. Mama mmoja kijana, ambaye alikuwa katibu wa kamati ya misitu kwa jina tu na hakuwahi kushika kitabu, akaombwa na mkutano aende ofisini akalete vitabu vya stakabadhi, vyote, hata vilivyokwisha. Alirudi navyo vitatu mikononi. Kimoja kilikuwa na kurasa zilizochanwa katikati, na mkutano ukaamua hicho kipelekwe wilayani kama kilivyo. Viwili vilivyobaki akaanza kuvisoma kwa sauti, stakabadhi moja baada ya nyingine, tarehe, jina, kosa, kiasi. Kila alipotaja jina, mkutano uligeuka kumtafuta mwenyewe, naye alisimama akasema ndiyo nililipa, au hapana, mimi nilitoa zaidi ya hiyo, na mjumbe wa kitongoji aliandika pembeni. Giza lilipoingia mtu akaleta taa ya sola akaining'iniza kwenye tawi, na mama yule akaendelea kusoma.